Nimtie unga wa kuacha pombe kwenye chai bila yeye kujua?

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ilemela na nauza dagaa pale mwaloni Kirumba. Mume wangu ana miaka 44, ni mvuvi wa dagaa. Kwa wasioijua kazi hii, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mwezi ukikomaa mitumbwi inapumzika wiki nzima au zaidi. Hizo siku za mbalamwezi ndizo zinazonimaliza. Anashinda kilabuni tangu asubuhi. Siku za giza nazo haendi ziwani bila chupa, anasema bila hiyo baridi itamuua.

Alianza na bia, akaingia kwenye viroba. Vilipokatazwa mwaka 2017 nikadhani tumepona, kumbe akahamia chupa ndogo. Sasa anamaliza mbili kwa siku, zile za mililita 200, pombe kali ya asilimia 35. Hela ikikata anapimiwa gongo. Akiamka mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki, jasho linamtoka, anatapika. Akizimua kidogo anatulia. Nasema kweli, asubuhi nyingine mimi mwenyewe ndiye ninayemnunulia, au namtuma kijana wetu mkubwa wa miaka 15. Naona aibu hata kuandika.

Mwaka jana tulikwenda msibani Ukerewe kwenye nyumba ya watu wa dini, pombe hakuna. Siku ya pili asubuhi alianguka, akakakamaa, akatoa povu na kujikojolea. Usiku wake akawa anafukuza wadudu ukutani ambao sisi hatukuwaona. Ndugu wengine walisema kifafa, wengine wakasema katupiwa kitu. Tuliporudi Mwanza akanywa, akawa mzima. Tangu hapo anasema pombe ndiyo dawa yake, na kwamba hata madaktari wanasema kidogo inasaidia moyo.

Mwezi uliopita alitapika damu, si nyingi. Duka la dawa walisema vidonda vya tumbo, wakampa vidonge. Kichwa kikimuuma anakunywa diklofenaki.

Sasa mama mkwe na wazee wa kanisa wameamua mbalamwezi ijayo tumfungie chumbani siku 7, afunge kula, tumwombee mpaka roho ya ulevi imtoke. Kuna mama sokoni naye ananiuzia unga wa kuchanganya kwenye chai bila yeye kujua, eti akinywa pombe juu yake anatapika mpaka aichukie. Kaka zangu wa Magu wanasema nichukue watoto nirudi nyumbani. Mume wangu akiwa mzima ni mtu mwema na anawapenda wanawe. Akilewa ananitukana, na mara moja alinisukuma nikaangukia jiko. Kama angetupenda kweli asingeacha? Nishike lipi?

Mama wa Watatu, Ilemela

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole, na asante kwa kuandika kila kitu bila kuficha, hata hiyo pombe ya asubuhi. Tutaifikia, na huenda aibu yako ikapungua.

Nimeelewa hivi: mume wako hawezi tena kukaa siku bila pombe, mwili wake umeanza kutoa dalili za kutisha, na watu watatu tofauti wamekuletea njia tatu, kila mmoja akitaka ufuate yake. Njia mbili kati ya hizo zina hatari ambayo nadhani hakuna aliyekueleza. Naanza na ya chumba, kwa sababu ina tarehe.

Kilichompata Ukerewe kina maelezo yake ya kitabibu. Ubongo una kemikali za kutuliza na kemikali za kuamsha, na muda wote zinavutana. Pombe inaongeza nguvu upande wa kutuliza. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha: unapunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza uamshaji ili mtu aweze kutembea na kufanya kazi. Sasa iondoe pombe kwa mkupuo. Umewaona wanaoshindana kuvuta kamba: upande mmoja ukiachia ghafla, wa upande wa pili wanaanguka chali. Uamshaji unabaki peke yake, ndiyo unaona mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka. Vijana wanaiita arosto.

Ina ratiba yake, na inalingana na uliyoyaona. Kutetemeka na kutapika huanza kati ya saa 6 na 24 tangu tone la mwisho. Kuanguka na kukakamaa hutokea zaidi kati ya saa 6 na 48. Kuchanganyikiwa, homa, kuona wadudu na watu wasiokuwepo huja siku ya pili hadi ya nne. Hatua hiyo ya mwisho inaua watu, hasa isipotibiwa. Aliyewahi kuanguka mara moja yuko kwenye hatari kubwa zaidi safari inayofuata, kwa kuwa kila anapokata ghafla ubongo unakuwa mwepesi zaidi kulipuka.

Kwa hiyo chumba kilichofungwa kwa siku 7 ni kumpeleka palepale alipoangukia Ukerewe, safari hii mlango ukiwa na kufuli. Na kufunga kula kunaongeza hatari. Mnywaji wa kila siku hula kidogo, na pombe inazuia utumbo kufyonza vitamini B1, ile inayoitwa thayamini. Ikimwishia kabisa, macho yanachezacheza, anayumba hata kama hajalewa, kumbukumbu zinapotea, na wengine kumbukumbu hazirudi tena. Sukari ya damu nayo inaweza kushuka. Simkosoi mama mkwe wako, anamlilia mwanawe. Unaweza kumwuliza kwa upole kama wazee watakubali kuomba kando ya kitanda cha hospitali, huku mgonjwa akila na kunywa maji. Wengi wakielezwa habari ya kuanguka kwa lugha hii wanaelewa, na huenda baadhi yao walikuwepo msibani.

Unga wa sokoni sasa. Hakuna anayeweza kukuambia una nini ndani. Ipo dawa halali ya hospitali inayofanya kazi kwa namna hiyo, inaitwa disulfiramu, na huenda anayekuuzia ameisaga hiyo. Inavyofanya ni hivi: ini huibadilisha pombe kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, kisha huivunja sumu hiyo haraka. Disulfiramu inazuia hatua ya pili. Sumu inajaa mwilini, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, anatapika, moyo unakwenda mbio, presha inashuka. Kwa mwenye moyo au ini bovu inaweza kuwa mwisho wake. Ndiyo maana daktari hampi mtu kabla hajakaa angalau saa 12 bila pombe, hampi bila kupima ini, na hampi kamwe bila yeye mwenyewe kujua na kukubali. Nguvu yake inaweza kubaki mwilini hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Wa kwenu anakunywa tangu anapoamka, ametapika damu majuzi, na usiku yuko mtumbwini mbali na nchi kavu. Presha ikishuka huko, nani atamshika? Halafu fikiria siku atakapojua. Chakula unachompikia kitakuwa kitu cha kuogopwa, na kila ushauri wako baada ya hapo utapita kwenye woga huo.

Kama si dawa hiyo bali ni mizizi tu, shida ni ileile ya ini, maana nalo linabeba mzigo tayari.

Pombe ya asubuhi. Ulichokuwa unafanya kilimzuia asianguke. Hilo halifanyi pombe kuwa dawa yake, kama anavyodai. Ni mwili unaodai kile ulichozoeshwa, na kila siku inayopita unadai zaidi. Lakini usijihukumu kama mtu aliyemwua mumewe taratibu. Mpaka afike kwa daktari, kumkatia ghafla ni hatari kuliko kumwacha na kipimo chake. Ninachokuomba ubadilishe ni mawili. La kwanza, asizimue kwa gongo. Nguvu yake haijulikani, inabadilika kila pipa, na wakati mwingine ina methanoli, ambayo ini huigeuza kuwa sumu inayopofusha macho na kuua, dalili zikija hata saa 12 au 24 baadaye. La pili, kijana asitumwe tena, hata siku moja. Miaka 15 hairuhusiwi kuuziwa pombe, lakini zaidi ya sheria, huo ndio umri wa kujifunza nini kinafanya asubuhi ianze. Watafiti waliochunguza vijana wa miaka 15 hadi 24 wa Mwanza na Kilimanjaro, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, walikuta unywaji umeenea, na miongoni mwa wavulana zaidi kuliko wasichana. Hizo kilabu anazotumwa zitamzoea haraka.

Tuhesabu, maana mume wako anaweza kubishana na wewe lakini si na hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Chupa yake moja ndogo ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina takriban gramu 55. Mbili ni 110, karibu bia tano na nusu, kila siku, kabla ya gongo. Shirika la Afya Duniani, WHO, humhesabu mwanamume anayepita gramu 100 kwa siku kwenye kundi la hatari ya juu kabisa. Ini la mtu huondoa wastani wa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Fanya hesabu mwenyewe: saa 11 hadi 16 kila siku ini lake halipumziki, na hapo hatujahesabu gongo.

Lile la moyo anasikia watu wanasema, na halikutoka hewani. Tafiti za zamani zilionyesha wanywaji kidogo wanaishi vizuri kuliko wasiokunywa. Kasoro ilikuwa kwenye kundi la wasiokunywa: ndani yake walikuwemo watu walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Utafiti wa China uliotoka mwaka 2019, uliofuatilia watu wapatao 500,000 na kuangalia pia vinasaba vinavyowafanya wengine washindwe kunywa, ulikuta hatari ya kiharusi inapanda kadiri pombe inavyoongezeka, bila kinga yoyote kwa wanaokunywa kidogo. Taasisi ya saratani ya WHO iliiweka pombe kwenye kundi moja na tumbaku tangu mwaka 1988: saratani za mdomo, koo, umio na ini, na baadaye ikaongeza utumbo mpana na titi. Januari 2023 WHO ikatamka kwamba hakuna kiasi kinachoweza kuitwa salama. Na hata wangekuwa sahihi wale wa zamani, walizungumzia glasi moja, si gramu 110.

Baridi ya ziwani pia. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, ndiyo maana anahisi joto. Joto hilo ni la ndani linalotoka nje. Mwili wake unapoa haraka zaidi. Ongeza macho mazito na miguu isiyo imara juu ya mtumbwi usiku. Koti zito, chai ya moto kwenye chupa na jaketi la kujiokolea vitamfaa kuliko hiyo chupa, ila bila matibabu hataweza kuiacha chupa nyumbani hata akitaka.

Jambo ambalo limenitia wasiwasi kuliko yote kwenye barua yako umelitaja kwa mstari mmoja: damu. Usikubali jibu la duka la dawa. Inaweza kuwa vidonda, na diklofenaki inavichochea vibaya, aiache leo. Lakini mvuvi wa Ziwa Victoria, ambaye miguu yake iko majini tangu utotoni, ana sababu nyingine: kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hiyo hunasa kwenye ini na kuacha makovu, damu inakosa njia, mishipa ya umio inavimba kama ya miguuni, siku moja inapasuka. Visiwa vya Ukerewe na mwambao huu wote vina ugonjwa huo kwa wingi. Kichocho na pombe vyote vinaelekea kwenye ini lilelile, na homa ya ini B ikiwepo wanakuwa watatu. Omba apimwe choo kwa kichocho, homa ya ini B, wingi wa damu na chembe sahani zinazogandisha damu, na apigwe ultrasaundi ya ini na bandama. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula. Inaua minyoo, haifuti makovu ya zamani upesi, kwa hiyo vipimo vinabaki vya lazima. Akitapika damu tena, au choo kikiwa cheusi kama lami, au macho yakiwa ya njano, usisubiri asubuhi.

Umeuliza: kama angewapenda kweli, asingeacha? Naomba nikurudishie swali: kule Ukerewe aliacha kwa siku mbili mbele ya ndugu, na mwili wake ukafanya nini? Mtu aliyeogopa hivyo mara moja anaweza kuwa anakunywa kwa hofu ya kurudia, na hofu hiyo haisemi kwa mkewe. Sisemi hana wajibu wowote. Kukutukana na kukusukuma ni vyake. Ila upendo na arosto ni vitu viwili, na kimoja hakipimi kingine.

Njia gani basi zimebaki? Iliyo salama zaidi kwa mtu aliyewahi kuanguka ni kulazwa. Anza kituo cha afya cha karibu au Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure, wakuandikie rufaa kwenda Bugando, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Kwa kawaida hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, kwa dozi inayopunguzwa kwa siku 5 hadi 7, pamoja na thayamini. Hapa kuna kitu mnachoweza kukitumia ninyi wa dagaa: mbalamwezi. Wiki ile ile ambayo wazee walitaka chumba, na ambayo yeye huipotezea kilabuni, ndiyo wiki ambayo hakosi mavuno yoyote akiwa wodini. Mwambie hivyo, mvuvi anaelewa kalenda.

Hatari za njia hii nazo zipo. Gharama, na kama hamna bima ulizieni ustawi wa jamii wa hospitali mapema, si siku ya kutoka. Watu watasema amepelekwa kwa vichaa. Na akitoka atarudi mwalo uleule, wenzake wakimwita. Wengi hurudia miezi ya kwanza, na aliyerudia akinywa kipimo chake cha zamani kinamzidi nguvu kwa sababu mwili umesahau. Muulizeni daktari kuhusu dawa za kupunguza hamu kama naltreksoni, na kama hata hiyo disulfiramu inamfaa, kwa ridhaa yake. Mgao wake mnaweza kukubaliana na tajiri wa mtumbwi uingie kwenye simu yako kwa miezi michache, yeye akijua na kuafiki.

Kupunguza nyumbani kidogo kidogo kunawezekana kwa wengine: pombe ya nguvu inayojulikana, sehemu moja ya kumi inapunguzwa, siku kadhaa zinapita, kisha nyingine, na ukiona anatetemeka mmekwenda mbio. Kwa mwenye historia ya kuanguka na kutapika damu, mimi nasita sana kuikubali bila daktari kuwa nyuma yenu.

Na akikataa vyote? Inawezekana. Usiongee naye akiwa amelewa wala akiwa ametetemeka. Chagua ile saa baada ya kuzimua, akili imetulia. Usimwite mlevi. Mwombe ajibu maswali 10 ya WHO yanayoitwa AUDIT, yanapatikana hospitalini. Alama zinakwenda 0 hadi 40, kuanzia 8 ni unywaji unaodhuru, 20 na zaidi ni dalili ya utegemezi. Ajihesabu mwenyewe. Labda akubali kwanza kwenda kwa ajili ya damu tu. Huo nao ni mlango.

Kuhusu Magu, ni wewe unayejua nyumba yako usiku inakuwaje. Kwenda kwa muda si kumwacha, na kubaki si ujinga. Ila kuondoka kwenu kunaweza pia kumwacha bila mtu wa kuona akianguka. Ukienda, mpe ndugu mmoja habari hizi zote. Akikuinulia mkono tena, usipime kama ni kubwa au ndogo: toka na watoto, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi.

Akianguka kabla hamjafika popote: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimpe maji mpaka awe na fahamu kamili. Ikipita dakika 5, au ikijirudia, au asipozinduka, ni hospitali. Hata akizinduka mapema, siku hiyo hiyo apelekwe.

Na mkifika mapokezi, msiseme "anaumwa tumbo". Andika kwenye karatasi umpe muuguzi: anakunywa kila siku, kiasi gani, saa ngapi alikunywa mara ya mwisho, alianguka mwaka jana siku ya pili bila pombe, aliona wadudu, ametapika damu, alikuwa anatumia diklofenaki, ni mvuvi. Wakijua ni mnywaji watampa thayamini mapema, wasimtundikie dripu ya sukari peke yake. Beba maji, uji, kadi ya bima kama ipo, na mtu mmoja wa upande wake, pengine mama mkwe mwenyewe.